Mwaka Boke Aliposimamisha Nyatiti

Siku chache kabla ya maziko ya Boke, mtoto wa kaka yake alikuja dukani kwangu hapa Migori, akakaa kwenye benchi la wateja na kunisomea wasifu wa marehemu aliokuwa ameuandaa. Ulikuwa umeandikwa vizuri. Alipofika mahali pa kueleza miguu ya shangazi yake, alisoma kwamba marehemu "aliishi na changamoto za kimaumbile", kisha akainua macho na kunitazama. "Mama, hapo ni sawa? Ama niseme mlemavu? Mchungaji anataka tuseme mwenye mahitaji maalum." Nikamuuliza kama aliwahi kumsikia shangazi yake akijiita kwa neno lolote kati ya hayo. Akafikiri. "Hapana. Yeye alikuwa anasema tu miguu yake haitembei." Nikamwambia aandike hivyo. "Lakini kanisani si itasikika vibaya?" akauliza. Nikamjibu kwamba kanisani wamemsikia Boke akisema hivyo miaka mingi na hakuna aliyeanguka kutoka kwenye kiti. Akacheka kidogo, akaandika. Alipoondoka sikuweza kurudi kwenye kazi. Nilikaa nikiukumbuka mwaka mmoja tu, wa katikati ya miaka ya tisini, tulioukaa pamoja Homa Bay katika nyumba ya mafunzo ya ushonaji, na ambao sehemu yake kubwa niliipitisha nikiogopa.

Sitaeleza nyumbani kwetu wala nilivyopata ugonjwa wa kupooza. Itoshe kusema kwamba kabla ya Homa Bay nilikuwa nikikaa katika chumba kilichopakana na jiko, na kwamba wageni walipokuja mlango wake ulifungwa. Niliujua vizuri ule mlango: mbao zake, mahali mwanga ulipopenya, sauti ya komeo. Nilipopata nafasi katika nyumba ile ya mafunzo, mtu aliyenipeleka alimwambia meneja kwamba nisipofaa nirudishwe. Aliyasema hayo mbele yangu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayenunua taa. Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa na umbo moja tu mwaka mzima, nayo ni komeo lile. Nikiunguza kitambaa, nililiona. Meneja akiita jina langu kutoka ofisini, nililiona.

Nyumba yenyewe ilikuwa jengo refu la mabati lililogawanywa kwa mbao nyembamba: upande mmoja bweni la wasichana, katikati karakana ya vyerehani, upande wa pili ofisi, na bweni la wavulana kule nyuma kuelekea kilima cha Asego. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, na ukitoka mlimani ulileta vumbi, na vyote viwili viliingia kwenye nguo tulizoshona. Mimi nilipewa cherehani ya kukanyaga kwa sababu mguu wangu mmoja ulikuwa na nguvu. Boke alipewa ya kuzungusha kwa mkono. Yeye hakuwa na magongo wala chuma cha mguu. Alitembea kwa viganja, akiwa amevaa akala za mikono, vipande vya tairi ya lori alivyojikatia na kujitilia kamba mwenyewe, na alipovuka sakafu ya saruji ulisikia pa, pa, pa, mwendo usiobadilika. Alikuwa Mkuria kutoka upande wa mpakani, hakujua Kijaluo, nami sikujua Kikuria. Kiswahili ndicho kilichokuwa kikao chetu. Tulikizungumza vibaya mwanzoni, kila mmoja akimsahihisha mwenzake kwa makosa yake mwenyewe.

Jioni tulikaa jikoni kwa Mama Akoth, mpishi, tukichambua omena. Mama Akoth alikuwa na mdomo usiopumzika na mkono mzito wa chumvi. Ndiye aliyetupa habari zote za mji, na ndiye pia aliyetuita kwa neno ambalo kila mtu sokoni alilitumia, rang'ol, yaani kiwete. Alilitumia kama mtu anavyosema mrefu au mfupi. "Rang'ol wangu, nipitishie ungo." Boke alipofahamishwa maana yake aliuweka ungo chini. "Mama, mimi naitwa Boke." "Najua unaitwa Boke. Kwani nimesema huitwi Boke?" "Basi nikikupa ungo, nani atakuwa ameitika?" Mama Akoth akamtazama, akatazama omena zake, akasema, "Huyu msichana atanichosha. Boke, nyathina, mwanangu, nipitishie ungo, Mungu akubariki, na ubarikiwe na miguu yote ya Homa Bay." Tulicheka, na Boke akapitisha ungo. Toka siku hiyo Mama Akoth alimwita Boke. Mimi aliendelea kuniita rang'ol, nami nikaitika, kwa sababu halikuniuma. Boke hakulielewa jambo hilo, na tulibishana kulihusu mara nyingi. Mimi nilisema ni neno la mguu wangu, nimekua nalo, nani atanipa lingine lililo langu zaidi? Yeye alisema neno ambalo hukulichagua ni nguo ya maiti. Hatukuwahi kukubaliana, na sasa amekufa kabla sijamshinda.

Katika jiko hilohilo ndipo nilipomweleza habari ya pakruok. Mzee mmoja mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, alikuwa akipita barabarani, na Boke akauliza kwa nini kila anapopiga watu humkatiza apumzike. Nikamweleza kwamba hapumziki. Katika sherehe za kwetu, mtu akitaka kujisifu humwekea mpigaji chochote katika sahani, nyuzi zinanyamaza, naye anayataja majina yake: binti wa wapi, rafiki wa nani, yupo kama nini. Akimaliza anasema piga, na nyuzi zinaendelea. Asiye na pesa huweka kofia au leso rehani, aje aikomboe baadaye. "Na akiwa anasema, nani anaweza kumnyamazisha?" Hakuna, nikamwambia. Nyatiti ikishasimama, hata chifu anangoja. Boke akaendelea kuchambua omena, na sikudhani kwamba alikuwa ameshika neno hilo kuliko mengine.

Kisha stoo ikaanza kuwa tupu. Uji ukawa mwepesi, omena zikaja siku moja ndiyo siku moja siyo, na nyuzi za kushonea tukapewa kwa kupimiwa. Meneja alikuwa mtu wa suti moja ya kahawia, mwenye kukohoa kabla ya kusema, na sitamchora kuwa mbaya kuliko alivyokuwa. Alitulisha. Alikuwa akienda kwa wafanyabiashara wa mji kuomba mahindi na kurudi akitembea polepole. Siku moja alasiri nilikuwa karakana peke yangu nikimalizia vifungo, na mbao nyembamba za ofisi zikanipitishia sauti yake na ya mjumbe wa kamati. Walikuwa wakipanga harambee. Mjumbe alisema, "Wakiingia na hizo magongo na vyuma wataonekana wako sawa. Watu watatoa kidogo." Meneja akakohoa. "Unataka waingiaje?" "Waingie kwa mikono na magoti, kutoka getini. Hata hao wa magongo. Halafu kila mmoja aseme, mimi ni kiwete nisiyejiweza, nisaidieni. Mgeni rasmi ni mtu wa huruma, atalia." Kisha meneja akasema, "Na huyo Mkuria?" "Huyo si tayari anatambaa? Ni kusema tu." "Ni kusema ndiko naogopa," akajibu meneja.

Mkono wangu uliacha vifungo. Nakumbuka kwamba sikukasirika. Hasira ingekuwa anasa. Niliogopa kwanza kwa sababu nilijua nitatii, na nikaogopa pili kwa sababu nilijua Boke hatatii. Jioni meneja alitukusanya katika karakana na kutueleza mpango, akitazama zaidi dirishani kuliko sisi. Alieleza kwamba ni siku moja tu, kwamba maneno hayavunji mfupa, na kwamba asiyetaka kushiriki atakuwa ametangaza kwamba haihitaji nyumba, naye atasindikizwa kwao Jumatatu. Ochieng, kijana aliyetumia baiskeli ya magurudumu matatu, akauliza kama baiskeli itafichwa mbali. "Nyuma ya jiko," akajibiwa. "Basi mimi nitasema hata mara mbili," akasema Ochieng, "mradi nirudishiwe ikiwa na magurudumu yote." Watu wakacheka kwa woga. Boke hakucheka. "Bwana meneja, mimi najiweza," akasema. "Nitasemaje sijiwezi mbele ya watu nitakaotaka wanilipe kesho kwa kushona?" Meneja akakohoa. "Boke, mimi nakutafutia chakula." "Najua. Asante. Lakini wakishanisikia nikisema hivyo, nani ataniletea kitambaa?" Meneja akarudia tu kwamba ni Jumatatu.

Zile siku za kungoja ndizo ninazoziona wazi kuliko zote. Sikuweza kula vizuri. Nilibakiza ugali sahanini na Mama Akoth akanituhumu kwamba nadharau mapishi yake. Kila Boke alipopita na ule mwendo wake wa pa, pa, pa, nilifikiri kwamba baada ya Jumatatu sakafu ile itanyamaza. Nilimsihi. Nilimwambia aseme maneno tu, moyoni ajue anachojua. "Wewe utasema?" akaniuliza. Nikamwambia nitasema. "Si lile la kwanza unalipenda," akasema. "Je, la pili?" Lile la pili, nisiyejiweza, ndilo lililonishinda. Kiwete nilikuwa. Lakini nilikuwa nimeshona sketi za sare za shule nzima mwaka ule, na nilikuwa nikijua kwamba mtu asiyejiweza ndiye anayefungiwa mlango kwa faida yake mwenyewe.

Leo vijana wa semina za haki zetu wanakuja na karatasi zao za maneno yanayofaa. Mwaka juzi, Homa Bay, mmoja aliniambia kwa upole, "Mama, hilo neno kiwete hatulitumii siku hizi. Ni mtu mwenye ulemavu." Nikamwambia nyinyi hamlitumii, mimi nalitumia. Akaandika kitu. Sina ugomvi naye, maana neno lake ni zuri na limefungua milango ambayo wakati wetu haikufunguka. Nilitaka tu aulize kwanza. Mwaka ule tulipewa neno na meneja aliyetutakia shibe. Mwaka juzi nilipewa neno na kijana aliyenitakia heshima. Na mara zote mbili nilijikuta nimeshika kitu mkononi ambacho sikukiomba, huku mtoaji akingoja niseme asante.

Siku ya harambee iliingia na jua kali. Viti vilipangwa mbele ya karakana, hema likafungwa, na mzee wa nyatiti akaketi kwenye kigoda chake na sahani miguuni, kwa sababu kamati ilijua kwamba Wajaluo hutoa zaidi wakijisifu. Hilo ndilo kosa lao, na halikuwa la ujinga. Waliita desturi ije iwakusanyie pesa wakasahau kwamba desturi huja na masharti yake. Magongo yetu yalichukuliwa asubuhi. Niliingia kutoka getini kwa mikono na magoti, kokoto zikinichoma, na kitu kibaya zaidi si maumivu bali kuona viatu. Kwa muda wote ule sikuona uso wa mtu yeyote, ila viatu vilivyosogezwa ili nipite. Tuliketi kwenye mkeka chini ya kitambaa kilichoandikwa maneno yaleyale. Wageni walijisifu mmoja baada ya mwingine; mfanyabiashara wa samaki alijiita ngege mwenye miiba, mwalimu mmoja akajiita mvua ya Ndhiwa, watu wakapiga makofi, nyuzi zikasimama na kuendelea. Kisha mfawidhi wa sherehe akatugeukia. Ochieng akasema maneno yake kwa sauti kubwa na wazi, na ninataka iandikwe kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka. Alitaka baiskeli yake. Mama mmoja akalia. Mgeni rasmi akatoa leso.

Mfawidhi akamwita Boke. Badala ya kusema alipokaa, alivuka mkeka, pa, pa, pa, mpaka mbele ya mzee wa nyatiti. Hakuwa na pesa. Alivua akala ya mkono wa kulia, akaiweka katika sahani juu ya noti za watu. Mzee aliitazama ile akala. Sote tuliitazama. Kipande cha tairi, chenye umbo la kiganja chake. Meneja alikuwa amesimama, na mfawidhi akaanza kusema, "Mzee, endelea tu, huyu hajui..." Mzee akaweka kiganja juu ya nyuzi, zikanyamaza. "Ameweka," akasema kwa Kiswahili, ili Boke aelewe. "Mwenye neno aseme."

Boke akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi ni Boke, binti wa Kuria. Ni fundi wa kola. Kola yangu haikunjiki hata ukiifua kwa mchanga. Miguu yangu haitembei, natembea kwa mikono. Nimefika." Watu walingoja aseme piga. Hakusema. Hapo ndipo alipokosea kama Mkuria tu angeweza kukosea, kwa maana sikuwa nimemweleza kwamba kila mtu huweka chake. Alidhani nyuzi alizozisimamisha ni za wote, hadi azirudishe. Akageuka, akanyoosha kile kiganja kitupu kuelekea kwangu. "Na mwenzangu huyu aseme."

Nimesoma baadaye katika vitabu kwamba hofu hukimbiza moyo. Wangu ulikwenda polepole sana. Niliona mfawidhi akimtazama mzee, na mzee akitazama nyuzi zake, kiganja bado kikiwa juu yake. Angeweza kusema sivyo. Hakusema. Nilimwona meneja nyuma ya wageni akinitikisia kichwa kunihimiza, na midomo yake ikiyatamka maneno ili nisiyasahau. Niliona komeo. Nikasema, "Mimi ni Atieno nyar Kabuoch, binti wa Kabuoch. Mimi ni kiwete." Sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka. Meneja akaitikia kwa kichwa, akingoja. Mfawidhi akainama kunisaidia. "Malizia, dada. Kiwete..." Ulimi wangu ulikuwa umekauka kama omena. "Nimemaliza," nikasema. Kisha, kwa kuwa Boke alikuwa ameniachia neno la kufunga, nikamwambia mzee, "Piga." Naye akapiga.

Harambee haikuharibika. Watu walitoa, wengine zaidi, wengine kwa kuchekeshwa na akala katika sahani. Mfanyabiashara wa samaki akaikomboa na kumrudishia Boke akisema anataka shati lenye kola hiyo ya mchanga. Lakini meneja alikuwa ameona aibu mbele ya kamati yake, na Jumatatu ilikuwa Jumatatu. Alituita ofisini. Alimwambia Boke kwamba atasindikizwa. Kisha akanigeukia, akakohoa, akasema kwa upole, "Wewe ulisema nusu. Unaweza kubaki." Nilielewa kwamba alinionea huruma kwelikweli, na kwamba alikuwa ameufungua mlango ule wa bweni ili ule mwingine wenye komeo usinimeze. Boke hakunitazama, alikuwa akikaza kamba ya akala. Kama angenitazama pengine ningebaki, kwa kumwonyesha kwamba siburuzwi na mtu. Nikasema, "Bwana meneja, nusu niliyoiacha ndiyo unayotaka nikae nayo." Mama Akoth alitufungia ugali wa mtama katika jani, akalia, akatutukana kwa kuwa wajinga, akamwita Boke kwa jina lake na mimi rang'ol, kama kawaida.

Hatukwenda kwetu, wala kwangu wala kwake. Tulikwenda Migori kwa sababu kulikuwa na barabara kuu na soko, na shangazi wa Mama Akoth alikuwa na baraza ya kutupangisha na cherehani kuukuu ya mkono. Sitaki mtu adhani kwamba uhuru ulitupokea. Mvua ilipiga baraza, mwenye baraza alitaka kodi, na kwa siku nyingi watu walipita wakitutazama kama wanavyotazama ajali. Kisha alasiri moja mwanamume mwenye kitambaa kizuri cha suruali kwapani akasimama ng'ambo ya barabara akaita, "Wewe kiwete! Mnashona?" Lilikuwa neno langu, lakini hakulisema kwangu, alimwelekezea Boke kidole. Nikafungua mdomo. Tulikuwa hatujala tangu jana. Boke aliendelea kuzungusha mkono wa cherehani, hakuinua kichwa. Mtu yule akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Ningeweza kuitika kwa niaba yake, na kitambaa kile kingevuka barabara. Nikafunga mdomo. Akangoja kidogo, akasema kitu kwa mwenzake, wakacheka, akaenda zake na kitambaa chake mpaka akapotea penye wauza ndizi.

Cherehani ilinyamaza. "Unajuta?" Boke akaniuliza.

"Naogopa," nikasema.

"Hata mimi," akasema. "Nipe mkasi."